Kushindilia Njia za Skii kwa Mashine Kuukuu Katika Theluji ya Unga

Ukitoka Houghton, katika jimbo la Michigan, ukafuata barabara kuu namba 41 kuelekea kaskazini, baada ya kijiji cha Mohawk utakuta kipimo cha theluji kimesimamishwa kando ya barabara, kirefu kama mlingoti wa jahazi. Kinaonyesha inchi 390.4, karibu mita 10, ambazo ni theluji yote iliyoanguka katika msimu wa 1978-79. Hapo ni rasi ya Keweenaw, iliyochomoza ndani ya Ziwa Superior, na ndiko nilikobaki baada ya kumaliza masomo. Upepo wa baridi kali unaotoka Kanada hupita juu ya ziwa ambalo maji yake bado hayajapoa sana, hubeba unyevu, na ukifika kwenye vilima vyetu hupanda na kuutua mzigo wake. Katikati ya Januari theluji hiyo huwa kavu na nyepesi kama unga wa sembe uliotoka kuchekechwa, na yaweza kuanguka siku tatu mfululizo bila kukatika.

Kwa misimu tisa nimekuwa miongoni mwa watu wachache wanaojitolea kutengeneza njia za skii za kijiji chetu, yaani njia ambazo watu huteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba zilizofungwa miguuni, kilomita 11 zinazozunguka msituni. Hatuna lile tingatinga la theluji linalotumiwa na vituo vya kitalii. Tuna pikipiki mbili za theluji za zamani (mashine zenye skii mbele na mkanda wa mpira unaozunguka chini badala ya magurudumu), zana chache za kuvuta ambazo nyingine tumezichomelea wenyewe, na koleo nyingi. Waswahili wenzangu walioko Minnesota, Maine, Finland na Norway wameanza kuniuliza jinsi ya kuifanya kazi hii nyuma ya nyumba zao au katika vijiji vyao, nami nimeona ni vyema niyaandike mahali pamoja yale niliyoyapata kwa kukosea na kwa kufundishwa.

Kwanza nieleze kwa nini mashine kuukuu. Watu wengi wakiona theluji nyingi hukimbilia mashine mpya zinazotengenezwa kwa ajili ya milimani, ambazo mkanda wake wa mpira una meno marefu ya sentimita 6 au 7. Meno hayo yametengenezwa ili kuchimba na kuirusha theluji nyuma, nasi tunataka theluji ibaki pale pale ilipo na ishikamane. Mashine za zamani zina meno mafupi, ya sentimita 2 hivi, ambayo hukanyaga kuliko yanavyochimba. Jambo la pili ni upoozaji. Mashine nyingi za kisasa hupoza injini kwa maji yanayopita kwenye vipozeo vilivyo chini ya mwili wa mashine, na vipozeo hivyo hutegemea theluji inayorushwa na mkanda. Ukienda polepole juu ya njia iliyokwisha kuwa ngumu, theluji hairuki na injini hupata joto kupita kiasi. Injini ya zamani yenye feni yake hupuliziwa hewa muda wote inapozunguka, hata ukitembea mwendo wa mtu anayekimbia taratibu.

Yetu ya kwanza ni Ski-Doo Élan ya silinda moja, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1996 bila kubadilika sana. Ni nyepesi, na watu wawili wanaweza kuinyanyua upande wa nyuma na kuielekeza kwingine. Ya pili ni Ski-Doo Alpine, ambayo haifanani na hiyo hata kidogo: mbele ina skii moja tu katikati, chini ina mikanda miwili mipana inayozunguka sambamba, na ina gia ya kurudi nyuma. Alpine huelea juu ya theluji laini kama ngalawa kwa sababu uzito wake umetawanywa kwenye eneo kubwa, na ina nguvu ya kuvuta mzigo mzito kwa mwendo mdogo. Ubaya wake ni kwamba ikizama, imezama, na skii yake moja hukataa kona ikiwa umeingia kwa kasi. Ukipata moja tu kati ya hizo mbili usikate tamaa, lakini ukipata zote mbili utaona jinsi zinavyosaidiana.

Sasa niingie kwenye theluji yenyewe, kwa maana asiyeielewa theluji ataivunja mashine yoyote. Theluji mpya ya unga ni hewa zaidi kuliko barafu. Mita moja ya ujazo ya theluji hiyo mara nyingi haifiki kilo 100, ilhali njia ya skii iliyoshindiliwa vizuri huzidi kilo 400 kwa ujazo huo huo. Kazi yetu ni kuitoa hewa hiyo, lakini haitoki kwa uzito peke yake. Unapoivuruga theluji kwa mkanda na kwa meno ya zana, unazivunja zile ncha za chembe zake na kuzifanya zikaribiane; kisha unapoiacha itulie, vijishingo vya barafu huota kati ya chembe na chembe mpaka tabaka lote linakuwa kitu kimoja. Kuota huko kunahitaji saa kadhaa. Hakuna mashine inayoweza kukufanyia kwa dakika kumi.

Nilipoelezwa hayo mara ya kwanza nilikumbuka masimulizi ya wazee wa pwani juu ya dari za chokaa za nyumba za mawe, jinsi watu walivyokusanyika na kuipiga chokaa kwa vigongo siku nyingi huku wakiimba, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu chokaa iliyomwagwa nene kwa mara moja hupasuka. Njia ya skii hujengwa hivyo hivyo. Ninaamini kwamba yeyote anayeshindwa kazi hii katika theluji ya unga hushindwa kwa sababu moja: anangoja dhoruba iishe ndipo atoke, kisha anataka kuishindilia theluji yote kwa mkupuo mmoja.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo msimu wangu wa kwanza. Theluji ilianguka Ijumaa usiku na Jumamosi mchana kutwa, nami nikakaa ndani nikiona ni ujinga kushindilia kitu ambacho kitafunikwa tena. Jumapili asubuhi kulikuwa na zaidi ya sentimita 60. Nilifunga haro, ile zana ya meno ya kuvuruga na kulainisha theluji, nyuma ya Alpine, nikaingia msituni, na nilipofika kwenye mwinuko wa kwanza mashine ikapunguza mwendo, mimi nikaongeza mafuta, mikanda ikazunguka pale pale, na ndani ya sekunde chache tukawa shimoni. Nilipoinama kutazama nikaona kuta za shimo zimeng'arishwa na mpira hadi zimekuwa barafu laini kama kioo, na tumbo la mashine limekaa juu ya kilima cha theluji huku mikanda ikining'inia bila kugusa kitu. Haro nayo ilikuwa imezikwa nyuma kama nanga. Nilichimba kwa koleo kwa muda wa saa tano, na nilipofika nyumbani jasho lilikuwa limeganda kwenye kola ya koti.

Mzee mmoja jirani yangu, ambaye babu zake walitoka Finland kuja kuchimba shaba katika migodi ya hapa, ndiye aliyenionyesha utaratibu tunaoufuata mpaka leo. Alisema tutoke wakati theluji bado inaanguka, kila inapofika kina cha sentimita 15 au 20. Dhoruba ya siku mbili basi ina safari tatu au nne, na moja huwa ya usiku wa manane. Ni kazi ya kuchosha, lakini kila safari ni nyepesi, mashine haiteseki, na mwisho wake una tabaka nne zilizoshikana badala ya godoro moja la unga.

Katika kila safari Élan hutangulia bila kuvuta chochote. Dereva hupita upande wa kulia wa njia, hugeuka mwishoni, hurudi kwa upande wa kushoto, na kupanda kidogo juu ya alama ya kwanza, theluthi moja hivi, ili pasibaki tuta laini katikati. Mwendo uwe wa kilomita 10 hadi 15 kwa saa. Ukienda haraka kuliko hapo, mkanda hurusha theluji badala ya kuikanyaga; ukienda polepole mno katika theluji ya kina, mashine huanza kuzama. Baada ya hapo tunaiacha njia ipumzike walau saa moja au mbili. Ni katika pengo hili ndipo watu huharibu kazi kwa kukosa subira, na nimewahi kumwona kijana mwenye nia njema kabisa akirudia njia hiyo hiyo mara tano mfululizo, kila mara akiichimbua tabaka ambayo ilikuwa imeanza kushika.

Alpine ndiyo inayofuata, ikivuta rola. Rola yetu ni kipande cha kalvati la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 75 na upana wa mita moja na nusu, lililopigwa ekseli ya bomba katikati. Katika theluji ya unga rola ni bora kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hupanda juu ya theluji na kuikandamiza, wakati haro huikusanya mbele yake mpaka inakuwa ukuta. Rola iwe na kipenyo kikubwa, maana ndogo husukuma theluji badala ya kuipanda. Wala usiijaze maji wala mawe ukidhani uzito ndio siri. Rola nzito juu ya theluji laini huzama na kukusimamisha mlimani.

Haro hungoja hadi njia iwe imelala usiku mmoja. Yetu ni fremu ya chuma yenye meno mbele, ya kukata uvimbe na kuvuruga theluji, na bamba pana nyuma, la kulainisha. Kina cha meno hurekebishwa kwa mkono, na kwa theluji mpya sisi huyaingiza kiasi cha sentimita 3 tu. Kwa mtu asiye na uwezo wa kununua au kuchomelea, kipande cha wavu wa chuma wa uzio kilichofungwa ubao na tairi kuukuu juu yake kitamtosha kwa msimu wa kwanza. Nasi tulianza nacho.

Kabla ya kuendelea kwenye hatua ya mwisho, pima ugumu. Wataalamu wa theluji wana kipimo ambacho hakihitaji chombo: jaribu kusukuma ngumi ndani ya theluji, ikikataa jaribu vidole vinne, kisha kidole kimoja, kisha penseli, kisha kisu. Theluji mpya hupokea ngumi bila ubishi. Sisi hatuvuti sanduku la mifuo, zana inayochora mistari ya kupitishia skii, mpaka njia iwe inakataa kidole kimoja. Ninavua glavu, ninapiga goti katikati ya njia, ninasukuma kidole cha shahada, na kikiingia hadi kifundo cha pili narudi nyumbani kunywa chai, hata kama watu wanangoja.

Mifuo ni ile mistari miwili sambamba ambamo skii za mtindo wa klasiki hupita. Ndugu zangu wa nyumbani wakiniuliza mchezo huu ni kitu gani, huwatajia Philip Boit, Mkenya aliyeshindana katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano mwaka 1998, kilomita 10 za mtindo huo. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alitumia dakika 27, Boit akatumia 47, na Dæhlie alibaki kwenye mstari wa mwisho akimngoja ili amkumbatie. Mtindo huo wa klasiki hauendi vizuri bila mifuo iliyonyooka, kwa kuwa mfuo ndio unaoishikilia skii isipepesuke wakati mtu anasukuma mguu. Kutoka katikati ya mfuo mmoja hadi katikati ya mwingine ni kama sentimita 22, na kina chake sentimita 3 au 4 zinatosha. Ukivuta sanduku la mifuo juu ya theluji ambayo haijashika, kuta za mfuo zitaporomoka kwa mteremkaji wa kwanza. Mifuo ichorwe jioni, baridi inapozidi, iache usiku uigandishe. Ichorwe upande wa kulia wa njia, na kwenye kona kali au mteremko mkubwa linyanyue sanduku kabisa, kwa sababu mtu anayeshuka kwa kasi anahitaji kuzigeuza skii zake apendavyo.

Halijoto ina sauti kubwa katika mambo haya yote. Kati ya nyuzi 3 na 10 chini ya sifuri theluji hushikana vizuri na kwa muda wa kadiri. Ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri chembe hukauka, hulia chini ya kiatu kama wanga unaobanwa kwa vidole, na kushikana kwake huchukua muda mrefu zaidi, hivyo ongeza masaa ya kungoja. Joto likikaribia sifuri na theluji ikawa na maji, usiishindilie kwa nguvu, maana itakapoganda itakuwa bamba la barafu ambalo hakuna atakayeshukuru kulipata.

Nije kwenye injini, ambako moyo wangu uko zaidi. Nilikulia Tanga, na mjomba wangu alikuwa fundi wa mashine za boti huko Sahare. Mashine zile ni za mapigo mawili, sawa na hizi kuukuu za theluji, hivyo nilipofungua boneti ya Élan kwa mara ya kwanza nilijiona nipo nyumbani: kabureta, plagi, kamba ya kuwashia, petroli iliyochanganywa na oili. Uzoefu huo ulinisaidia sana, na pia uliniponza mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa oili. Mjomba alichanganya kwa macho, chupa ya soda ya oili kwa dumu la petroli, na oili yenyewe ilikuwa ya boti. Nami nilidhani oili ya mapigo mawili ni oili ya mapigo mawili. Sivyo. Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari na haipati joto kali kwenye silinda, kwa hiyo oili yake imetengenezwa kwa hali hiyo. Injini inayopozwa kwa hewa huwaka moto zaidi na inahitaji oili iliyotengenezwa kwa pikipiki za theluji, ambayo pia haigandi kwenye baridi. Uwiano wa Élan yetu ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na baadhi ya injini za zamani zaidi hutaka 40, kwa hiyo tafuta kitabu cha mashine yako na upime kwa chombo chenye alama. Uchanganye katika dumu ndani ya banda lenye joto, utikise vizuri, na usimimine oili moja kwa moja ndani ya tangi wakati wa baridi, kwa sababu itazama chini kabla ya kuchanganyika.

Mara ya pili ilikuwa jeti ya kabureta, kile kijipande chenye tundu kinachopimia petroli inayoingia kwenye injini. Tanga hali ya hewa haibadiliki kiasi cha kumlazimisha fundi aifikirie. Hapa hewa ya nyuzi 23 chini ya sifuri ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 3, ina oksijeni nyingi zaidi katika ujazo ule ule, na kama tundu la jeti ni lile lile, petroli inakuwa pungufu. Mchanganyiko wenye petroli pungufu huwaka kwa joto kali, na kwa kuwa oili huja pamoja na petroli, ulainishaji nao hupungua wakati ule ule unapohitajika zaidi. Alfajiri moja ya Februari nilikuwa nikipanda mlima mrefu huku nimekaza mafuta yote. Sauti ya injini ikawa nyembamba, kama ya nyuki, na kwa muda mfupi ikaenda kwa nguvu kuliko kawaida, nikafurahi. Kisha mkanda ukasimama ghafla kama aliyekamatwa mguu. Tulipoivua silinda tulikuta ukuta wake umepakwa alumini ya pistoni kwa mistari ya kijivu. Tangu siku hiyo nina kopo dogo lenye jeti tatu, na kabla ya kutoka natazama kipimajoto. Baridi ikizidi naweka jeti yenye namba kubwa zaidi. Na baada ya kazi nzito nafungua plagi kuitazama. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri, nyeusi yenye unyevu inamaanisha petroli imezidi, na nyeupe kama mfupa ni onyo la kusimama hapo hapo.

Petroli yenyewe nunua ile isiyotiwa ethanoli ikiwa inapatikana. Ethanoli huvuta maji, na maji huganda kwenye kabureta. Isitoshe, mipira ya kupitishia mafuta ya mashine za miaka ya 1970 na 1980 haikutengenezwa kuivumilia, hulainika na kupasuka. Badilisha mipira yote ya mafuta mara unapoinunua mashine kuukuu, kabla hujaiwasha hata mara moja. Gharama yake ni ndogo.

Kitu kinachokufa mara nyingi kuliko vyote ni beliti inayopeleka nguvu kutoka kwenye injini. Mashine hizi hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Zina puli mbili zinazopanuka na kubana, na beliti hupanda na kushuka kati yake. Ukivuta mzigo mzito kwa mwendo mdogo, puli haibani vya kutosha, beliti huteleza, hupata joto, kingo zake hung'aa, na mwishowe hukatika mahali pabaya kuliko pote. Harufu ya mpira ulioungua ndiyo dalili ya kwanza. Ukiisikia, simama, zima injini, fungua boneti na uiache ipoe. Sisi tulibadilisha sproketi (gurudumu la meno) ya juu ndani ya kasha la cheni la Alpine, tukaweka yenye meno machache, ili injini izunguke kwa kasi nzuri huku mashine ikitembea polepole. Kasi ya juu ilipungua, na hakuna aliyeijutia. Beliti iliyokuwa ikidumu majuma matatu sasa inamaliza msimu. Hata hivyo, beliti ya akiba na spana zake hukaa chini ya kiti, na kila anayejitolea kwetu lazima aonyeshe kwamba anaweza kuibadilisha kwa mwanga wa tochi, mikono ikiwa na baridi.

Kuhusu kukwama, kinga yake ni kujua mahali pa kusimama. Usisimame ukipanda. Usisimame kwenye theluji ambayo hujaikanyaga. Ukitaka kupumzika, zunguka mduara mdogo, upite juu ya alama zako mwenyewe, kisha usimame ukielekea chini. Ukiona mwendo unapungua na injini inalalamika, achia mafuta mapema, kabla mkanda haujaanza kuzunguka bure, kwa maana mizunguko mitatu ya bure inatosha kuchimba kaburi. Ukiwa umekwama tayari, fungua zana uliyokuwa ukivuta, kanyaga theluji mbele ya mashine hadi urefu wa mita tano au sita, toa theluji iliyoko chini ya tumbo, kisha ngoja. Ngoja dakika ishirini ili mahali ulipokanyaga pashike. Nimeona watu wazima wenye nguvu wakichimba vizuri kisha wakaharibu yote kwa kuwasha mara moja. Na usirudi nyuma kwa gia huku umefunga haro, kwani itajikunja chini ya mashine na kupinda kiungo.

Viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji vifungwe kwenye mashine daima. Bila hivyo, kilomita 3 za kurudi kwa miguu katika theluji ya kina cha kiuno ni safari ya usiku kucha, na jasho litakugeukia kuwa baridi ya hatari. Mwambie mtu saa unayotoka na saa unayotarajia kurudi. Chukua msumeno mdogo, kwa sababu matawi ya misunobari huinama kwa uzito wa theluji hadi usawa wa uso wa dereva. Vijito vilivyofunikwa usivivuke mpaka umevifahamu wakati wa kiangazi, na kiangazi hicho hicho ndicho cha kufyeka visiki na kuondoa mawe, maana kila jiwe uliloliacha Julai utalikuta kwa haro mwezi Desemba.

Ukirudi bandani, kazi bado. Ilaze mashine ubavu au inyanyue nyuma, uigonge barafu yote iliyoshika kwenye mkanda na magurudumu yake kwa nyundo ya mpira, kwa kuwa ukiiacha, kesho mkanda utakuwa umegandana na fremu, na anayelazimisha kuondoka hivyo hukata beliti. Ipumzishe juu ya vipande viwili vya mbao, mkanda usiguse sakafu. Jaza tangi hadi juu ili mvuke usitonye ndani. Kisha fungua daftari. Letu ni la kawaida la shule, limefungwa kwa kamba kwenye msumari mlangoni, na ndani yake tunaandika tarehe, kina cha theluji mpya, halijoto wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza, zana iliyotumika, jeti iliyokuwemo, na kidole kiliingia kiasi gani asubuhi iliyofuata.